Migomba Iliyokula Pensheni Yangu

Mimi ndizi sizipendi. Naanza na hilo kwa sababu wako watu mpaka leo, hapa Munje na hata Msambweni, wanaoapa kwamba mimi Bakari sili chakula kisichokuwa na ndizi, na uvumi huo aliueneza mke wangu mwenyewe, tena kwa makusudi. Ndizi mbivu hunichefua. Mbichi nala kwa adabu, nikiwa ugenini. Lakini migomba ndiyo iliyonipeleka mbele ya baraza la Kwale, na migomba ndiyo iliyonitoa. Sasa kwa kuwa naweza kukaa na kalamu bila ya mkono kuruka, nimeona niwaandikie wenzangu mliorudi vitani na kitu ambacho hamkukipakia nyinyi. Mnajijua. Wake zenu wanajua. Wengine hawajui kwa sababu tumewaficha, na kuficha huko ndiko kulikotaka kuniua.

Jina la ugonjwa sitaliandika. Daktari wa Nairobi alilitaja mara moja, karani wake akaliandika, na mimi nikaliacha pale pale getini. Ninachojua ni jinsi unavyokuja.

Kabla ya vita nilikuwa mkwezi. Hakuna mnazi wa Munje usiozijua nyayo zangu. Nilikuwa nikipanda naimba, nikishuka naimba, na wanawake waliongoja madafu chini walinitania kwamba siku nitakayonyamaza ndiyo siku nitakayoanguka. Kisha nikaenda Burma na jeshi, nikarudi nina mikono yangu yote na miguu yangu yote, mamangu akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nikamwambia, "Mama, nimerudi mzima." Hata mimi niliamini.

Haukupita muda nazi ikaanguka nyuma ya jiko. Nazi tu, puu, kama zilivyokuwa zikianguka tangu kuzaliwa kwangu. Nilipojitambua nilikuwa nimelala kifudifudi, mchanga umenijaa mdomoni, na mikono yangu inachimba. Haikuniuliza. Ilichimba yenyewe, haraka haraka, moyo unanienda mbio, na wala sikuwa na haja ya kuambiwa nichimbe umbo gani. Jioni Mwanamisi, mke wangu, alinikuta ndani ya shimo la kimo cha kifua, refu la kulala mtu, lenye kona. Alisimama ukingoni na ndoo ya maji kichwani. Hakupiga kelele. Aliitua ndoo, akanipa mkono, akanitoa, akaniosha kucha moja moja.

Asubuhi yake alikwenda kwa kaka yake Kassim, ambaye ndiye jirani yetu, akarudi na mche wa mgomba. Akalifukia shimo nusu, akapanda. Watu walipopita wakauliza, "Mwanamisi, kulikoni leo?" Akajibu bila kuinua uso, "Mume wangu karudi na hamu ya ndizi huko alikokuwa."

Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu. Mimi nachimba, yeye anapanda.

Nieleze kidogo, kwa wasiotujua. Kwetu sisi ukivunjika mguu watu watajaa uani, kila mmoja na mafuta yake ya kuchua. Lakini maradhi ya akili huvutiwa pazia. Aliye nayo husitiriwa, na jirani mwema ni yule anayeona akageuza uso. Hilo ni jambo jema, sitalitukana, maana limeniokoa na mengi. Nilipojitupa chini sokoni kwa sababu ya mlango wa bati uliobamizwa, watu walinipita kama hawakuniona, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Bakari kaangusha senti yake, mwacheni aitafute."

Niliendelea kukwea, kwani ningekula nini? Siku moja niko juu, mkwezi mwenzangu kwenye mnazi wa pili akaangusha nazi. Mikono ikaachia. Nilivunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, na Mungu akanihurumia kwa kuwa chini palikuwa na rundo la makuti. Wakwe zangu wakasema ni pepo. Mgonjwa haulizwi uji, nikapelekwa kwa mganga. Mganga akapima, akasema pepo mwenyewe ni Mzungu, anataka kofia, biskuti, na kupigiwa ngoma. Biskuti nilikula. Lakini ngoma ilipolia, loo! Nilikimbia mpaka kwenye mikoko, wakanikuta nimezama matope hadi kiunoni. Kassim akawatangazia wote kwamba nilikwenda kutafuta kaa.

Baada ya hapo ndipo nilipofikishwa hospitali, kwanza Msambweni, kisha Nairobi. Kule Nairobi nilikaa tangu mvua za masika mpaka za vuli. Walinipa dawa iliyofanya ulimi uwe mzito na tumbo litoke. Kanzu yangu ya harusi ilikataa kushuka chini ya mabega, na Mwanamisi aliponiona nikirudi aliuliza kama nimeolewa huko. Nywele zilipukutika. Lakini usingizi ulikuja, na aliyewahi kuukosa usingizi ndiye anayejua thamani yake. Nilirudi na barua kwamba nitapewa pensheni kwa maradhi ya akili yaliyotokana na vita, na kwamba niende Msambweni kila mwezi kuonekana na kuchukua dawa.

Pensheni ile ilikuwa na maana moja tu kwangu: sikulazimika kupanda mnazi tena. Nilivua kidogo, nikasuka makuti, nikachunga mbuzi wawili wa mama. Miguu yangu ilibaki ardhini.

Ile baraza ya hospitali ya Msambweni naijua kuliko chumba changu. Tulikaa kwenye benchi tangu alfajiri, wenye homa, wenye vidonda, wajawazito na mimi. Ukiulizwa unaumwa nini, unasema bega. Mtulinga wangu ulikuwa umepona zamani, lakini kwenye benchi lile uliuma miaka mingi. Alikuwako dresa mmoja, mfunga vidonda, mtu wa Vanga, ambaye kila akinijia kutoka nyuma aliburuta ndara zake sakafuni toka mbali, kwaru kwaru, ili nisishtuke. Hakuwahi kulitaja jambo hilo, nami sikumshukuru kwa maneno. Nilikuwa nikimpelekea samaki.

Miaka ikaenda hivyo. Mashimo yalipungua, kisha yakaongezeka, kisha yakapungua. Na migomba, kwa kupandwa kwenye mashimo makubwa yaliyojaa majani na majivu ya jiko, ilistawi kupita kiasi. Ilizunguka nyumba yote. Mwanamisi akawa anauza mikungu Msambweni. Binti yetu Riziki alikua kati ya migomba ile, na alipofika umri, watu wa Waa wakaja kumposa kwa ajili ya kijana wao, fundi wa cherehani. Mama wa kijana, Bi Mejumaa, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, aliuliza kama wanavyouliza wote: "Hamna maradhi nyumbani humu?" Mwanamisi akasema hamna. Nami nilikuwapo, nikatazama mkeka.

Kiangazi cha mwaka huo huo akaja mkaguzi.

Alikuwa kijana wa Mombasa, kaptula imepigwa pasi, ametumwa kuangalia wanaopokea pensheni kama wangali wagonjwa. Sikujua hayo. Nilimwona mgeni tu, na mgeni hukaribishwa. Akaniuliza, "U hali gani, mzee?" Nikamjibu, "Sijambo, alhamdulillahi, mzima kabisa." Ungejibuje wewe? Akaenda kwa Kassim, akamuuliza kama mimi nina akili timamu. Kassim akanipigania kama simba. "Bakari? Katika Munje hii hakuna mwenye akili zake kama Bakari! Huioni migomba ile? Kailima kwa mikono yake mwenyewe." Mwanamisi naye akamwandalia ndizi za nazi na samaki wa kuchoma, kijana akala mpaka akafungua mshipi, na wakati wa kuondoka akafungiwa chane mbili za kupeleka kwao. Tulisimama njiani tukampungia mkono. Kassim akasema, "Kijana mzuri yule. Ana adabu."

Barua ikafika mwanzo wa mvua. Riziki ndiye aliyenisomea, maana ilikuwa na maneno ya kiserikali na macho yangu hayakutulia. Imeonekana kwamba Bakari amepata nafuu kubwa, anaishi vizuri na majirani, na anaendesha shamba kubwa la migomba kwa nguvu zake. Kwa hiyo pensheni itapunguzwa, ibaki robo. Asiporidhika, ana ruhusa ya kulalamika mbele ya baraza Kwale.

Nilicheka. Nilicheka mpaka Riziki akaogopa. Kisha nikatoka nje nikaanza kuufyeka mgomba wa kwanza niliouona, na Mwanamisi akanishika panga.

"Tutakwenda Kwale," akasema.

"Kusema nini?"

Sote wawili tulijua. Ili nirudishiwe haki yangu ilibidi mtu asimame mbele za watu aseme kwamba mume wa Mwanamisi, baba yake Riziki, ana wazimu. Na siku ya baraza watu wa wilaya nzima hupanda Kwale na mashauri yao, wa Waa wakiwemo.

"Haifai," nikasema. "Nitarudi kukwea."

"Utaanguka."

"Basi niangukie kazini kama wanaume wengine!"

Tulinuniana siku nyingi, ndani ya nyumba ndogo. Tulikuwa tunazungumza kupitia kwa Riziki: mwambie babako chakula tayari, mwambie mamako nimeshiba. Kassim naye alikuja akaniunga mkono, akasema posa ni jambo zito, pensheni ni ya serikali, huja na huondoka. Namkumbuka akikaa pale akila ndizi, na nilitamani kumtia nayo kooni.

Mvua ilipotulia nikachukua kamba ya miguu, nikaenda kwenye mnazi mfupi wa nyuma. Nilipanda vizuri. Wallahi, miguu ilikumbuka. Nilijaribu hata kuimba. Nikafika nusu, na huko shambani kwa Kassim nazi ikaanguka, puu.

Safari hii mikono haikuachia. Ilikaza. Niliukumbatia mnazi nikashindwa kwenda juu wala chini, jasho linanitiririka machoni, nafsi yangu yote inataka kuchimba na hakuna cha kuchimba ila gome. Sijui nilikaa pale muda gani. Nilimwona Kassim akitoka uani kwake, akanitazama, akageuza uso, akarudi ndani. Akapita jirani mwingine na mzigo wa kuni, naye akageuza uso. Wote watu wema. Walikuwa wananisitiri, nami nimeganda pale juu.

Mwanamisi akaja mbio. Alisimama chini yangu kabisa, mahali ambapo mtu mwenye akili hasimami, akaanza kusema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwita kuku: "Mguu wa kulia, baba Riziki. Hapo. Sasa wa kushoto. Mimi niko chini yako, ukianguka utaniangukia mimi, kwa hiyo fanya taratibu." Alinishusha hivyo hivyo mpaka nyayo zikagusa mchanga. Kisha akakaa chini akalia, nami nikalia. Riziki alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba," akasema, "akinikataa kwa ajili yako, na anikatae sasa, kabla sijaenda kwao. Nendeni Kwale."

"Wewe hujui maneno ya watu," mamake akamwambia.

"Nayajua. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanda migomba nawe."

Tulikwenda wakati wa kipupwe. Kwale ni juu, asubuhi kuna ukungu, na watu wa chini kama sisi tulijikunyata kwenye benchi la nje ya ofisi tukitetemeka, mimi kwa sababu zangu na wengine kwa baridi. Kassim alikuja pia. Mlango wa ofisi ulikuwa unabamizwa na upepo. Mwanamisi akavua ndara moja akaiweka chini ya mlango, akarudi kukaa. Askari wa zamu alimwangalia, akamwacha.

Ndani alikuwapo Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, Mzungu mwenye mafua, na karani wake, na yule kijana mkaguzi, na kando yao sajini mstaafu, Mkamba wa upande wa Shimba, aliyewekwa pale kwa mashauri ya wanajeshi wa zamani. Nyuma, kwenye mabenchi, wenye mashauri yao walikuwa wamejaa. Karani akasoma taarifa ya mkaguzi. Shamba kubwa. Migomba yenye afya. Majirani wote wanamsifu. Kisha Bwana Shauri akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Bakari, u hali gani?"

Na mimi, ndugu zangu, mimi niliyetoka Munje usiku wa manane ili niseme neno moja tu, kwamba mimi mgonjwa, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sijambo, bwana. Alhamdulillahi."

Karani akaandika.

Mwanamisi akasimama. "Samahani, bwana. Huyu hujibu hivyo hata akiwa shimoni. Hiyo ni salamu, si habari."

Watu nyuma wakacheka. Aligeuka kuwatazama, na hapo nikamwona amemwona. Bi Mejumaa wa Waa alikuwa amekaa benchi la mwisho pamoja na mumewe, wamekuja na kesi ya mpaka wa shamba. Mwanamisi akakaza leso yake begani. Nikasema moyoni, basi, atakaa chini. Na nilitaka akae, nasema kweli. Nilitaka twende zetu.

Hakukaa. "Migomba aliyoisifu bwana mkaguzi si kilimo," akasema, sauti inatetemeka lakini inasikika hadi nje. "Mume wangu huchimba mahandaki. Nazi ikianguka anachimba. Mlango ukibamizwa anachimba. Ana wazimu wa vita. Mimi nikapanda migomba juu ya mashimo ili watu wasijue. Wanasema ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi nimeviunda mimi. Huyu kijana alipokuja nikamlisha uongo wangu, akala, akabeba na mwingine wa njiani. Yeye hana kosa. Tulioficha ni sisi."

Kassim naye akainuka, machozi yanamtoka. "Na mimi nilimwambia uongo. Nilidhani namsaidia shemeji yangu."

Mkaguzi alikuwa akitazama viatu vyake. Sajini ndiye aliyesema, kwa upole, akimuuliza Mwanamisi na si mimi: "Mama, mashimo hayo yana kona?"

"Yana kona."

"Yamekwenda sawa au yamepinda pinda?"

"Yamepinda pinda, afande, yamezunguka nyumba. Kwenye mlango nimepanda mgomba ambao tunauzunguka kila siku tukitoka."

Sajini akamwinamia Bwana Shauri, akamwambia kwamba handaki la vita huchimbwa hivyo hivyo, kwa kupindapinda. Wakaamua kuja kuona wenyewe. Tulipogeuka kutoka, benchi la mwisho lilikuwa tupu. Bi Mejumaa alikuwa ameondoka kabla ya kesi yake kuitwa.

Walikuja Munje kwa gari la serikali, na safari hii hatukupika. Jirani zetu walisimama mbali kidogo, lakini hawakugeuza uso. Sajini aliingia kati ya migomba peke yake, akaanza kutembea akifuata mstari wake, anakwenda, anapinda, anakwenda, anapinda. Bwana Shauri na mkaguzi walimfuata nyuma wakiinamia majani. Kulikuwa na shimo moja jipya, bado halijapandwa, upande wa njia itokayo baharini. Sajini akavua kofia akashuka ndani. Akakaa. Alikaa muda, macho yake yakiwa usawa wa ardhi.

"Hapa unaiona njia yote," akasema hatimaye. "Na mimi ningechimba hapa."

Nikampa mkono nikamtoa. Mkono wake ulikuwa na jasho kama wangu. Kwa sauti ya chini akaniambia kwamba yeye nyumbani kwake hawezi kukaa akiupa mlango mgongo, na kwamba mkewe humwekea kiti chake kabla hajaingia mgeni. Sijui kama kuna dawa yoyote ya Nairobi iliyonifaa kama maneno yale.

Barua ya pili ilikuja karibu na Maulidi. Pensheni yote imerudishwa, na haitaguswa tena mpaka daktari mwenyewe anione, siyo mkaguzi. Niliisoma mwenyewe, polepole, hadi mwisho. Kisha nikaichukua ile kamba ya kukwelea nikaikata vipande nikafungia mbuzi. Nilijihisi mwepesi mno hata nikamtania Mwanamisi kwamba sasa nina cheti cha wazimu, anitii. Alicheka, lakini alikuwa akitazama njia. Waa walikuwa kimya. Hakuna mtu, hakuna salamu, mwezi mzima na zaidi. Riziki alishona, akapika, akachota maji, hakulalamika. Kassim alisema, "Nilisema mimi," nikamwambia atoke nyumbani kwangu, akatoka, akarudi jioni na samaki.

Kisha siku moja adhuhuri tukasikia hodi, kutoka mbali kabisa, huko njiani. Hodi ya pili ikaja karibu zaidi, na ya tatu karibu zaidi. Mtu anayepiga hodi namna ile kaambiwa, au anajua. Alikuwa Bi Mejumaa na dada yake.

Walikaribishwa mkekani. Habari za Waa njema, habari za Munje njema, wakanywa kahawa. Kikombe kilipokwisha akakiweka chini, akasema:

"Nimekuja kutaka mche."

"Mche wa nini?" Mwanamisi akauliza.

"Wa migomba hii. Ya shimoni."

Hatukuelewa. Bi Mejumaa akatazama nje, kule kwenye majani. "Ndugu yangu alirudi vitani kama huyu. Yeye alikuwa akipiga kelele. Tukamweka chumba cha nyuma, tukawaambia watu kasafiri, yuko Lamu. Tulimsitiri vizuri sana. Alikufa mle ndani, na mpaka leo kuna watu wanaoniuliza atarudi lini kutoka Lamu." Alijifuta uso kwa ncha ya buibui. "Siku ile Kwale sikuondoka kwa hasira. Nilishindwa kukaa. Huyo binti namtaka, kwa sababu nimemsikia mamake akisema kweli mbele ya watu, na mimi sikuweza."

Mwanamisi alimkumbatia, wakalia wote wawili kwa sauti, na huko jikoni nikasikia sufuria ikianguka, kwaa, kutoka mikononi mwa Riziki. Nilishtuka, ndiyo. Nilishika mkeka kwa mikono miwili. Lakini nilibaki nimekaa.

Harusi ilikuwa baada ya mvua za vuli. Nilivaa ile kanzu. Mwanamisi aliipasua ubavuni akaitia kipande. Sikupona, nisiwadanganye. Bado nakwenda Msambweni kila mwezi, na nikiulizwa kwenye benchi naumwa nini, sasa nasema. Mara ya kwanza mtu wa pembeni yangu alisogea. Mara ya pili mtu mwingine alisogea karibu, akaniambia naye. Kwa hiyo nawe unayesoma, ukiulizwa na daktari au na serikali hali yako, shukuru Mungu kwanza, ndiyo, halafu endelea kusema. Na mwambie jirani yako mmoja, ili siku ukiganda juu ya mnazi awepo wa kukushusha.

Jambo la mwisho. Siku ya pili ya harusi tulikuwa Waa, na Bi Mejumaa akauleta ule mche, akanionyesha mahali uani kwake, akanipa jembe. Watu walikuwa wamejaa. Mwanamisi alisogea akasimama karibu nami, nikajua anaogopa, hata mimi niliogopa. Nilianza kuchimba. Udongo wa Waa ni mwepesi, jembe linaingia lenyewe, na mikono yangu ikaanza ile haraka yake niijuayo. Shimo likafika kwenye kifundo cha mguu, likafika kwenye goti.

Nikasimama.

"Limetosha?" Bi Mejumaa akauliza.

Nikalitazama. Lilikuwa duara, halina kona. "Limetosha," nikasema. "Mgomba hautaki zaidi ya hapo." Nikatoka nje ya shimo mwenyewe, na Mwanamisi akanipa mche.